Kinywa cha Saba

Mtu mwenye akili zake hakubali kuandika historia ya chama. Katibu wa Chama cha Madaktari wa Kupanga Meno alikubali. Alikubali mwenyewe, mbele ya kamati nzima, bila kushikiwa kisu, na kwa miezi sita sasa hakuwa na mtu wa kumlaumu isipokuwa yule aliyemwona kwenye kioo kila asubuhi akipiga mswaki.

Kazi ilionekana ndogo. Chama kilikuwa kinatimiza miaka hamsini Jumamosi. Ukumbi ulishakodiwa, keki ilishaagizwa, na kitabu cha kurasa themanini kilitakiwa kumfikia mpiga chapa Alhamisi kabla ya saa kumi alasiri. Kurasa sabini na tisa zilikuwa tayari, tangu habari za kiti cha kwanza cha umeme hadi mkutano ule ambao wajumbe wote waliharisha na uchaguzi ukaahirishwa. Ukurasa mmoja tu ulikuwa mweupe, nao ndio wa kwanza, wenye kichwa kilichosema "Waasisi Wetu Saba". Ilikuwa Jumatano mchana, na Katibu alikuwa na majina manne. Wenye majina hayo wote walikuwa marehemu, na uzuri wa marehemu ni kwamba hawapigi simu.

Kwa maoni yake, lawama zote zilikuwa za waasisi wenyewe. Watu wengine wakianzisha chama huweka sahihi. Hawa waling'ata nta. Siku ya kwanza, katika chumba cha nyuma cha kliniki moja, kila mwasisi alichukua nta laini ya kupimia, akaing'ata juu na chini, plasta ikamiminwa, na sanamu saba za meno zikapangwa kwenye kabati la kioo ziwe ndiyo kitabu cha mahudhurio. Majina hawakuandika. Inasemekana mmoja wao alisimama akasema kwamba daktari wa meno anayehitaji jina ili akitambue kinywa akauze mkaa, na wenzake wakampigia makofi. Karatasi za usajili nazo zilipotea msajili wa vyama alipohama ofisi. Kilichobaki ni cheti kimoja ukutani, kinachosema chama kimeandikishwa kikiwa na wanachama saba, idadi ya chini kabisa inayokubaliwa na sheria.

Basi makofi yale ndiyo yaliyokuwa yakimpa Katibu maumivu ya kichwa. Sanamu nne zilibandikwa majina zamani, wenyewe wakiwa bado hai na meno yao. Mbili zilikuwa meno yaliyonyooka tu, yasiyo na jina. Ya saba ilikuwa vurugu: chonge ya juu upande wa kulia imepanda juu ya ufizi, na jino la jirani limejigeuza ubavu kama limemnunia mwenzake. Kila mtu chamani alijua kwamba hiyo si ya mwasisi. Waliiita "Mgonjwa". Iliwekwa pale, walisema, kuonyesha kazi iliyokuwa ikiwasubiri madaktari. Mchoro wake ndio uliokuwa nembo ya chama, juu ya kila barua, kila bahasha na kila kikombe cha chai ofisini.

Na waliobaki hai walikuwa wawili: Mzee Koleo na Mzee Waya. Mzee Koleo aliamini maisha yake yote kwamba meno yakibanana dawa ni kung'oa mengine ili yaliyobaki yapumue. Mzee Waya aliamini kwamba anayeng'oa jino zima ni mchinjaji, na kwamba kwa waya na subira taya lolote hupanuka. Miaka thelathini iliyopita walishikana mashati jukwaani mbele ya wageni wa nje, na tangu hapo lila na fila hazikutangamana.

"Yule hakuwepo," Mzee Koleo alisema kwenye simu siku hiyo, kwa mara ya tisa. "Alikuja mwaka wa pili, akiwa na soksi za rangi mbili tofauti. Andika hivyo."

"Mzee, siwezi kuandika habari za soksi."

"Basi usiandike soksi. Andika hakuwepo."

Dakika kumi baadaye akapiga Mzee Waya, kusema kwamba Koleo hakuwepo, alikuja mwaka wa pili, na kwamba soksi zilikuwa za Koleo.

Kama hayo hayakutosha, Mwenyekiti wa sasa naye alikuwa na lake. Mwasisi wa saba, alisema, alikuwa marehemu baba yake. Sanamu yake ilianguka ikavunjika, na hapo ndipo Mgonjwa alipowekwa kuziba pengo. Ushahidi ulikuwa kwamba baba alimwambia hivyo. Tena Mwenyekiti alikuwa ameagiza nembo mpya kwa ajili ya jubilei, ile ile ya zamani lakini meno yamenyooka, chonge imeshuka mahali pake. "Miaka hamsini tumeonyesha ugonjwa," alisema. "Sasa tuonyeshe tiba." Kamati ilimpigia makofi. Katibu alikuwa ameanza kuyaogopa makofi.

Alifika nyumbani jioni hiyo kichwa kikimgonga. Shangazi yake alikuwa mezani na chai.

"Umeniandika?" Shangazi aliuliza kabla mwenzake hajavua viatu.

"Shangazi, tafadhali. Leo hapana."

"Leo hapana, jana hapana, na sherehe ni Jumamosi. Utaniandika lini mwanangu? Kwenye jiwe la kaburi?"

Shangazi ndiye aliyemlea Katibu tangu akiwa na meno ya utoto. Alifanya kazi miaka thelathini na miwili akiwa fundi wa plasta kwenye maabara ya meno, na mpaka leo alipokanda unga alipima maji kwa jicho na hakukosea. Maisha yote alisimulia kwamba siku chama kilipoanzishwa naye alikuwepo, aling'ata nta kama wao. Tatizo ni kwamba Shangazi alikuwa mtu wa kutia chumvi. Katika hadithi hiyo mara mvua ilikuwa inanyesha, mara jua lilikuwa kali. Na ni yeye huyo huyo aliyesimulia kwamba aliwahi kumfukuza mwizi kwa koleo la meno hadi mwizi akaomba apelekwe polisi. Katibu alikua akiziweka hadithi hizo mbili kapu moja.

"Hebu nieleze kitu kimoja," Katibu alisema, akajitupa kitini. "Kama uling'ata, sanamu yako iko wapi?"

"Iko kabatini. Kaangalie."

"Nimeliangalia hilo kabati mara mia."

"Basi kaangalie ya mia na moja."

"Si unionyeshe tu ni ipi?"

Shangazi aliweka kikombe chini. "Mtaalamu wa meno humu ndani ni nani, mimi au wewe? Mimi sitasimama mbele yenu nifunue midomo kama ng'ombe mnadani, niseme jamani ni mimi, ni mimi. Sikuombi medali. Sikuombi hotuba. Nataka jina langu likae kwenye ule ukurasa, basi. Nikifa nife nimeandikwa." Kisha akacheka, mkono mdomoni kama kawaida yake, kwa sababu hakupenda kukasirika wakati wa chai.

Katibu naye alitabasamu kwa kuchoka. Chonge ya Shangazi ilikuwa imepanda, na hilo lilikuwa jambo la zamani ndani ya nyumba. Tangu ahitimu alikuwa akimwomba amnyooshee. Alimwomba alipofungua kliniki, alimwomba kila mwaka mpya, na Shangazi alimjibu kwamba jino lake halijamkosea mtu. Majirani waliwatania: kinyozi hajinyoi. Chonge za namna hiyo Katibu aliziona mara tano kwa wiki, na ukiona kitu mara tano kwa wiki unakiona kama unavyoona kitasa cha mlango.

Mawazo yake yalikuwa kwingine. Alikuwa anafikiria vinywa vya wale wazee wawili, visivyo na jino hata moja, na ghafla akajipiga paji la uso. Meno hung'oka, lakini kaakaa hubaki! Ile mikunjo ya juu ya kinywa, nyuma ya meno ya mbele, kila mtu ana yake na haimwachi hadi kaburini. Sanamu zile zilikuwa na kaakaa. Angewapima wazee wote wawili, alinganishe, na ugomvi ungeisha. Alijiona mjinga kwa kuchelewa miezi sita, kisha akakumbuka kwamba fundi wake wa maabara alijifungua wiki iliyopita.

"Shangazi," alisema kwa sauti ya kubembeleza. "Kesho utanisaidia kumimina plasta?"

Shangazi aliinua viganja vyake. "Kwa hiyo mikono yangu inakubalika. Jina ndilo halikubaliki."

"Shangazi!"

"Nitakuja. Plasta haina kosa."

Alhamisi saa sita mchana wazee waliletwa ofisini kwa magari mawili, maana hawakukubali kupanda moja. Mzee Koleo alikaa kushoto, Mzee Waya kulia, na katikati yao meza yenye kabati la kioo. Kila mmoja alitoa meno yake ya bandia akayaweka kwenye glasi ya maji. Madaktari waliopanga meno ya nusu ya mji walibaki na fizi tupu, wakitazamana kwa chuki. Katibu aliwajaza nta vinywani, kwanza mmoja, kisha mwingine, akamshukuru Mungu kwa dakika mbili za ukimya.

Shangazi alitoka chumba cha ndani na bakuli la plasta mkononi, aproni kiunoni.

"Fundi!" Mzee Koleo alipayuka mara tu nta ilipotoka. "Bado uko hai?"

"Na wewe je?" Shangazi alimjibu. "Nilisikia umezikwa."

"Fundi," alisema Mzee Waya, polepole. Alitazama viatu vyake.

Katibu aliwaangalia mmoja mmoja. Hakujua kwamba wanafahamiana kiasi hicho, lakini akajiambia kwamba maabara za zamani zilikuwa chache. Shangazi alimimina plasta juu ya nta, akagonga ukingo wa kijiko cha kupimia kilichoibeba kwa kidole ili mapovu yapande, akaweka kando.

"Nusu saa," alisema. "Na mimi sina nusu saa ya kuangalia watu wazima wakinuniana. Nipe hizo."

Kabla Katibu hajasema lolote, Shangazi alishafungua kabati akatoa sanamu ya kwanza isiyo na jina. Akaipitishia kidole gumba.

"Hii ya Koleo. Ona jino la mbele, limemeguka pembeni. Siku ile ile, daktari mzima, kifungulio cha soda hakionekani, akafungua kwa meno. Mbele ya wenzake! Wakati wa kung'ata nta ulipofika, kipande kilikuwa kishabaki kwenye kizibo."

Mzee Koleo alikohoa. "Kilikuwa kizibo kigumu."

Shangazi alichukua ya pili. "Na hii ya Waya. Tazama gego hili la nyuma lilivyovutika, kama limeburutwa. Alikuwa na nta mdomoni wakati Koleo anavunja jino. Akacheka, nta ikateleza. Nikamwambia rudia, akasema hakuna muda, ofisi ya msajili inafungwa saa tisa."

 Kisha Mzee Waya akaanza kutikisika mabega. Alikuwa anacheka, fizi nje, machozi yakimtoka, na baada ya muda Mzee Koleo naye akashindwa kujizuia.

"Ulicheka sana," Mzee Koleo alisema. "Nilikuchukia siku ile ile."

"Uso wako ulikuwaje! Umeshika soda, unatema jino!"

Katibu hakucheka. Damu ilikuwa imempanda. "Kwa hiyo mlikuwepo. Nyote wawili. Mmoja amevunja jino na mwingine amemcheka, na mnakumbuka mpaka kizibo! Miezi sita, wazee wangu. Simu ngapi? Soksi! Nimeandika barua kwa watu waliokufa kwa sababu yenu!"

"Tulikuwa tumekasirikiana," alisema Mzee Waya, kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja sahani.

Plasta ilipokauka Katibu alilinganisha makaakaa kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu alikuwa mtu wa kazi yake. Mikunjo ilikubaliana, mkunjo kwa mkunjo. Akaandika majina mawili kwenye ukurasa. Sita. Saa yake ilisema saa saba na nusu.

"Haya. Wa saba ni nani?"

Wazee wakaacha kucheka. Mzee Koleo alichukua glasi yake akayatazama meno yake majini kama hajawahi kuyaona.

"Mwenyekiti anasema baba yake," Katibu aliendelea. "Ni kweli? Na sanamu yake ilivunjika lini?"

"Baba yake," alisema Mzee Koleo, "alikuja mwaka wa pili. Huyo kweli. Nilimpigia kura mimi."

"Kwa hiyo wa saba ni nani?"

 Shangazi alikuwa amesimama kando ya beseni la maji moto. Alichukua kipande cha nta kilichobaki, akakitumbukiza, akakikanda kwa vidole viwili, akakibana kwenye kijiko cha kupimia, kisha akakiingiza kinywani mwake mwenyewe na kuhesabu kimoyomoyo kama alivyohesabu miaka thelathini na miwili. Alipokitoa alimpa Katibu. 

Katibu aliipokea nta ile na kuigeuzia dirishani. Kazi yake ilikuwa kusoma nta, na alisoma matundu ya meno kama wengine wanavyosoma gazeti. Gego moja lilikuwa halipo. Meno ya mbele yalikuwa yamesogeana kidogo, umri hufanya hivyo. Kulia juu kulikuwa na tundu la chonge, mbali nje ya mstari, na la jirani yake lilikuwa limekaa ubavu. Alinyoosha mkono bila kutazama, akamtoa Mgonjwa kabatini, akaweka kimoja kando ya kingine. Akachukua kioo cha kukuzia. Mikunjo ya kaakaa aliihesabu mara moja, kisha mara ya pili, ingawa mara ya kwanza ilitosha.

Kwenye meza ile ile palikuwa na rundo la bahasha za chama, nembo juu ya kila moja. Kikombe alichonywea chai asubuhi kilikuwa na nembo. Kwa miaka kumi na saba alikuwa ameweka sahihi yake chini ya kinywa kile, na jioni akienda nyumbani kula nacho meza moja.

Aibu ilimshika hadi masikioni. Daktari asiyekitambua kinywa akauze mkaa, walisema. Yeye alistahili gunia zima.

"Tulikuwa sita," alisema Mzee Waya hatimaye. "Sheria inataka saba. Tulidhani mwenzetu mmoja atafika, hakufika, na msajili anafunga saa tisa. Koleo akasema, mwiteni fundi. Akaja na plasta yake mikononi, akang'ata, akaandikwa kwenye fomu, akarudi kazini."

"Halafu?"

"Mwaka wa pili tukatunga katiba. Mwanachama lazima awe daktari. Tulisema tutamwambia kwa utaratibu. Tukasahau."

"Hamkusahau," Shangazi alisema. Hakupandisha sauti. "Mlimtuma mtu aje kuniambia nisije mkutanoni kwa sababu viti havitoshi. Nikamwambia nitakuja na kigoda changu. Akasema hata nafasi ya kigoda hakuna."

Mzee Koleo alifungua kinywa akakifunga. Bila meno kilifungika kabisa, pua ikakaribia kidevu, na kwa mara ya kwanza Katibu alimwonea huruma, ila kidogo tu.

Hapo ndipo Mwenyekiti alipoingia, amebeba nembo mpya ndani ya fremu, jasho likimtoka. Hakuwa mtu mbaya, Mwenyekiti, ila alikuwa mtu wa itifaki, na watu wa itifaki wana kipaji cha kufika wakati mbaya. Katibu alimweleza yote kwa sentensi nne. Mwenyekiti alizisikiliza amesimama, kisha akaketi.

"Lakini baba aliniambia," alisema. "Kwa mdomo wake. Nilikuwa na miaka minane."

"Barua yake ya kuomba kujiunga iko kwenye jalada la mwaka wa pili," Katibu alisema. "Nilidhani tarehe imekosewa."

"Alikuambia alivyotamani," Shangazi alisema, na sauti yake ikalainika. "Usimkasirikie. Baba yako alikuwa mtu mwema. Katika wote waliopita kwenye maabara ile, ni yeye peke yake aliyekuwa akiosha bakuli la plasta akishalitumia. Hawa wengine waliniachia likauke, nikikwangua kwa kisu."

Mwenyekiti aliinamisha kichwa akakaa hivyo kidogo. Alipokiinua, itifaki ilikuwa imemrudia. "Sawa. Hatutamsahau mama. Tumwandike mwishoni, kwenye shukrani. 'Msaidizi wa kiufundi wa waasisi.' Kwa sababu katiba inasema wazi, mwanachama ni daktari, na mwasisi ambaye si mwanachama, hilo litatuletea—"

"Hapana," alisema Katibu.

"Nieleze tu—"

"Hapana, Mwenyekiti! Nimechoka kuelezwa! Katiba ni ya mwaka wa pili. Siku ile hapakuwa na katiba, palikuwa na fomu, na fomu ilitaka watu saba. Sita si chama. Sita ni watu wanaokunywa soda. Ama huyu ni mwasisi sawasawa na hawa, ama chama hiki hakikuandikishwa kihalali, na miaka hamsini tumekuwa tukicheza. Chagua. Ukichagua la pili nipe namba ya mtu wa keki, nimwambie abaki nayo."

 Mzee Koleo aliokota meno yake majini, akayavaa, akayang'atanisha vizuri.

"Fundi ni mwasisi," alisema. "Niko tayari kusimama Jumamosi niseme."

"Na mimi nitasimama naye," alisema Mzee Waya. "Upande wa pili wa jukwaa."

Mwenyekiti aliwatazama wale wawili, waliokubaliana jambo kwa mara ya kwanza tangu yeye awe mwanafunzi. Akashusha pumzi. "Aandikwe," alisema. Kisha, kwa unyonge, "Na hii nembo yangu?"

Katibu aliitazama ile fremu. Meno yote yamepangana, chonge imeshushwa, kinywa kizuri kisichokuwa cha mtu yeyote.

"Katundike kliniki kwako," alisema. "Kwenye barua inabaki ile ile."

Saa kumi kasorobo mpiga chapa alipiga simu mwenyewe, akiuliza kama historia imekwisha au waendelee kuisubiri miaka hamsini mingine. Katibu alimsomea majina sita. La saba alilisoma lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, polepole, na akamwomba mwenzake arudie. Shangazi alikuwa amewapa mgongo, akifuta meza. Aliposikia jina lake likirudiwa kwenye spika ya simu na sauti ya mtu asiyemjua, mkono wenye kitambaa ulisimama, kisha ukaendelea.

Wazee walipoondoka, safari hii katika gari moja, wakiwa tayari wanabishana nani akae mbele, Katibu alikaa juu ya meza. Hasira ilikuwa imemwishia, na palipokuwa na hasira pamebaki kitu kizito zaidi.

"Nisamehe, Shangazi. Nilidhani ni zile hadithi zako."

"Mwizi pia alikuwa wa kweli," Shangazi alisema. "Lakini hilo tuliache."

"Miaka yote hii nimekuomba nikunyooshee hilo jino. Nikadhani ni ukaidi. Nilikasirika mpaka nikakwambia unaniaibisha mbele ya wagonjwa wangu."

"Uliniambia. Mara mbili."

"Si ungeniambia sababu?"

Shangazi alimgeukia. Alitabasamu, na mara hii mkono haukwenda mdomoni. Chonge ilionekana, iliyopanda, na jirani yake aliyenuna.

"Wenzangu walikuwa na vyeti," alisema. "Mimi nilikuwa na hili. Ungelinyoosha, leo ungenitambua kwa kitu gani?"

 Bakuli la plasta lilikuwa bado mezani, ukoko mweupe umeanza kukauka pembeni. Shangazi alinyoosha mkono kulichukua. Katibu alimtangulia, akalibeba hadi kwenye sinki, akaanza kuliosha.